Alianza Instagram, akapita spa ya mjini, akaishia kwa bibi Mnyuzi

Ilikuwa miezi saba tangu ajifungue, na miezi minne tangu mumewe aache kuuliza.

Dada mwenyewe ana miaka 27. Kwao ni Mnyuzi, Korogwe, lakini ndoa na maisha viko Dar, Tabata. Anauza nguo za watoto mtandaoni. Mume ana fremu ya vifaa vya simu Kariakoo. Ukiwaona kwenye picha utasema hawa wameshamaliza: keki ya arobaini ya mtoto, nguo za kufanana, moyo mwekundu chini ya kila posti.

Chumbani sasa. Kila wakijaribu, maumivu kama wembe. Mwili unakaza wenyewe hata kabla hajaguswa. Mara ya kwanza alivumilia huku ameng'ata shuka. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu akamsingizia mtoto, eti ameamka. Baada ya hapo mume akahamia kwenye simu yake, akawa analala anatazama ukuta. Wenye ndoa wanaujua huo ukuta.

Siku moja mume akauliza taratibu, bila hata kufoka: "Kama kuna mtu mwingine, niambie tu." Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angefoka, angalau wangegombana.

Mama yake hakumwambia. Wifi ndiyo kabisa, maana kwa wifi habari inafika ukweni kabla chai haijapoa. Akaiambia simu. Siku hizi simu ndiyo somo wa watu wengi: unaandika shida yako saa nane za usiku na taa umezima, asubuhi matangazo yamejaa. Yalimjia kama mvua. Dawa ya kubana, dawa ya mvuto, mafuta ya mahaba, rudi kama ulivyoolewa.

Akachagua ukurasa wenye wafuasi wengi. Jina lina neno dokta, picha ni waridi na stetoskopu. Akatuma ujumbe kueleza kwamba anaumia. Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Ndoa yako bado unaitaka?" Halafu bei. Shilingi 85,000, unatuma kwa simu, boda anakuletea.

Ukitazama mazungumzo yale sasa hivi, kinachoshtua si bei. Ni kwamba yule dokta hakuuliza swali hata moja. Hakuuliza kama ana mtoto mchanga, kama alishonwa, kama ananyonyesha, kama panatoka kitu. Alisoma neno "naumia" akauza dawa ya kubana.

Mzigo ulikuwa na unga mweupe, majani ya kujifukiza na vidonge vya kuweka ndani. Unga ule ukionja unga wa shabu unaujua, lile jiwe kinyozi anakupaka kidevuni akishakukata. Shabu inafanya kazi kidevuni kwa sababu inakausha na kukunja ngozi, damu inaacha. Ukiipeleka ukeni inafanya kazi ileile: inakausha ute ambao mwili unautengeneza kwa kusudi, inaacha ngozi ina michubuko midogo midogo isiyoonekana, na inavuruga vijidudu vizuri vinavyolinda pale mahali. Baada ya hapo maambukizi yanapata mlango, VVU ikiwemo. Na mvuke nao, mbali ya kuunguza, haufiki kwenye kizazi hata ukae juu ya sufuria mpaka Maghrib.

Halafu kuna jambo ambalo hata mkunga wa zahanati angemwambia bure: mwanamke anayenyonyesha huwa mkavu. Homoni zimeshuka, ni kawaida, linapita. Kwa hiyo huyu dada alikuwa mkavu tayari, akauziwa kitu cha kumkausha. Mtu ana kiu unamuuzia chumvi.

Usiku wa tatu alishindwa kukaa. Haja ndogo ilikuwa moto. Akamwandikia dokta wake. "Huo ni uchafu unatoka, endelea." Akaandika tena, akakuta ameshablokiwa.

Akatibiwa kituo cha afya, akapewa vidonge, akapona ile michomo. Lakini yale maumivu ya mwanzo yakabaki palepale, na sasa yameongezewa woga.

Shoga yake, wa dhati kabisa, akamwambia tatizo ni mawazo. "Unahitaji kukandwa tu, mwili ulegee." Akamtumia namba ya spa moja ya Dar, kwenye jengo lenye lifti. Orodha yao ya huduma ilikuwa ndefu, na katikati kulikuwa na kitu kinaitwa masaji ya siri ya wanandoa. Akajua hii ndiyo yenyewe. Watu wana lifti, wana taulo nyeupe, wana risiti. Watakuwa wanajua kazi.

Aliyeingia chumbani alikuwa kijana wa kiume. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anataka mwanamume au mwanamke. Akaambiwa avue zote. Simu ya kijana ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, inapiga muziki, kamera imeelekea kitandani. Inawezekana ilikuwa inapiga muziki tu. Yeye alilala robo saa nzima akiiwaza ile kamera, na hakuna mwili unaolegea hivyo.

Kisha mkono ukapanda mahali ambapo hawakukubaliana. Akasema, "Hapo hapana." Kijana akajibu, "Tulia dada, wote mwanzoni wanasema hivyo."

Aliinuka. Akavaa dera ndani nje. Akashuka kwa ngazi, hakungoja lifti.

Hakumwambia mtu kwa wiki nyingi, kwa sababu alijua swali la kwanza litakuwa: ulifuata nini? Na jamani, swali hilo watu tuliache. Alifuata kile alicholipia. Kulipia masaji si kusaini kwamba mikono ya mtu ina ruhusa ya kwenda popote. Na neno "hapana" halina maana mbili, hata kama limesemwa na mtu aliyelala bila nguo kwenye chumba chenye mishumaa. Kuhusu kamera, ndiyo, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini sheria inafika baada ya video. Simu ya mkandaji inatakiwa iwe mfukoni au nje ya chumba kabla hujafungua kitenge.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Daktari ana baraza lake, unaweza kuulizia kama jina lipo kwenye orodha. Muuguzi na mkunga wa hospitali vilevile. Waganga wa jadi wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002, na mganga aliyesajiliwa anapaswa kuwa na cheti, umwambie akuonyeshe. Ila hii kazi ya mwili na mahaba ya wanandoa imekaa katikati. Mtu akiwa na taulo, mafuta na akaunti yenye picha nzuri, ameshakuwa mtaalamu. Na yule somo wa kijijini naye hana cheti, hajawahi kuwa nacho. Sasa utamjuaje?

Zamani pwani swali hilo lilikuwa na jibu. Kungwi alijulikana nyumba yake, anajulikana alimfunda nani na yule aliyefundwa anaishije. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, dunia inamjua kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mwalimu wa unyago, na watu walijua wampate wapi. Kungwi akikuharibia, kesho mnakutana kisimani. Hiyo ndiyo ilikuwa leseni yake. Kungwi wa leo wa kicheni pati anakuja ukumbini na maikrofoni, anakata viuno, watu wanacheka mpaka machozi, analipwa kwa saa, anaondoka. Ni burudani na wala hakuna ubaya. Ila kesho hamkutani.

Mama ndiye aliyemwita nyumbani. Hakujua lolote, alitaka tu kumwona mjukuu. Dada akapanda basi la Tanga, akashuka Segera, akaunga usafiri hadi Mnyuzi huku mtoto amelala kifuani.

Kwa asiyepajua, Mnyuzi ni mahali pa reli na mkonge. Reli ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na ni upande huu ndipo inapochepuka njia ya kwenda Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963 kuunganisha Tanga na reli ya kati. Kwa hiyo watu wamekuja hapa kutoka kila upande: Wabondei, Wazigua, Wasambaa, na wale waliofuata kazi ya mkonge kutoka mbali wakabaki. Walikuja na makungwi wao. Ndiyo maana ukiulizia Mnyuzi mtu wa kukukanda na kukufunda, hutajiwi mmoja. Unatajiwa watatu, na kila anayekutajia anawasema wale wawili wengine.

Wa kwanza alikuwa maarufu. Nyumba ya bati jipya, udi unanukia tangu barabarani, kapu la mrihani mlangoni. Alimpokea vizuri sana. Akamkalisha, akampa juisi, akaanza kujinadi. "Mke wa fulani unamjua? Yule nimemtengeneza mimi. Alikuja hapa hali yake ilikuwa..." na akaieleza hali yenyewe, yote, na ishara za mikono.

Dada alimjua mke wa fulani. Walisoma naye darasa moja. Akamaliza juisi yake, akaishika pesa aliyoifunga kwenye pindo la kanga asiifungue, akasema, "Nitarudi mama." Mpaka leo hajarudi. Mtu akikufungulia siri ya mwenzako ili akuvutie, ujue na wewe unaandaliwa kuwa tangazo la mteja ajaye.

Ni mama mdogo aliyemgundua. Alimwona anavyokaa kwa upande mmoja wa kiti, akamvuta uani, akamwambia, "Wewe unaumwa chini." Hakulisema kama swali. Jioni ile wakaenda pamoja kwa bibi mmoja, upande wa relini.

Bibi huyu alikuwa mkunga wa jadi enzi hizo, kabla wanawake hawajahimizwa wote kwenda kujifungulia hospitali. Akaacha kuzalisha, akabaki na kukanda wazazi. Hana udi mlangoni. Ana benchi, jiko la mkaa na mjukuu wa kiume mdadisi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mtoto anacheka huyu, mnene. Kaa." Akamgeukia mjukuu: "Wewe, chukua ndoo, nenda kisimani. Na usiwahi kurudi."

Akaanza kuuliza. Dada alitegemea ataambiwa apande kitandani, badala yake aliulizwa maswali mpaka giza likaingia. Ulijifungulia wapi? Uliongezewa njia, ulishonwa? Kidonda kilichukua muda gani kukauka? Unanyonyesha? Kuna maji yanatoka, yana harufu? Damu? Mkojo unakutoka ukicheka? Unaumia mlangoni au kule ndani? Kabla ya mtoto ilikuwaje? Umetumia dawa gani, usinifiche, hata ile ya kwenye simu. Mumeo anajua kwamba unaumia, au anajua tu kwamba hutaki?

Hilo la mwisho lilimnyamazisha kidogo.

Kisha bibi akauliza, sauti ileile ya kawaida, huku anachochea mkaa: "Kuna mtu aliwahi kukushika hukutaka?"

Hapo ndipo ile spa ilipotoka. Kijana, kamera, ngazi, yote. Mama mdogo alikuwa hajui, akaanza kulia yeye. Bibi hakulia. Alingoja amalize. Akasema:

"Basi leo sikushiki."

Watu wengi wangeondoka hapo wamevunjika moyo. Umesafiri, umejieleza, umelia, halafu mtaalamu anasema hakushiki. Lakini bibi alikuwa na sababu zake na alizitaja. "Kama kuna kidonda ndani, au uvimbe, mikono yangu itakuumiza zaidi. Mimi macho yangu hayaoni huko. Nenda Tanga hospitali, upate daktari wa kina mama, akutazame. Urudi na karatasi. Tena mwombe wa kike kama unataka wa kike, si dhambi kuomba." Hakuchukua hela. Alichukua kilo ya sukari waliyokuja nayo, na akasema ahsante mara mbili.

Tanga, daktari alimtazama taratibu, akimweleza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Kovu la kushonwa lilipona likawa gumu. Ukavu wa kunyonyesha ulikuwepo, na ile dawa ya unga iliuzidisha. Kubwa zaidi, misuli ya nyonga ilikuwa inajikunja kwa woga. Mwili ulikuwa umejifunza kwamba pale panauma, kwa hiyo unafunga mlango mapema, bila kumuuliza mwenyewe. Hali hiyo ina jina, vajinismasi. Inatibika kwa mazoezi ya kulegeza misuli, kilainishi cha maji, vifaa maalumu vya kuzoesha polepole, na mtu wa fiziotherapia kama yupo. Na wakati huo wote msijaribu tendo, akasema daktari, msije mkaukumbusha mwili maumivu.

Dada aliliandika lile jina kwenye simu. Alilisoma njia nzima kurudi. Miezi tisa alidhani tatizo ni yeye, kumbe tatizo lina jina na watu wanalisomea.

Akarudi kwa bibi na karatasi. Mjukuu akafukuzwa tena, maana ndiye msomaji wa nyumba, na karatasi hii bibi alitaka isomwe na mwenyewe, kwa sauti ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho. Pembeni kulikuwa na chungu cha majani tayari kwa kufukiza, kwa sababu bibi naye ana imani zake za miaka 50. Dada akamwambia daktari amekataza mvuke. Bibi akakitazama chungu chake, akaguna, akakibeba akakimwaga nyuma ya nyumba. Hakubishana. Wala hakuficha kwamba limemuuma.

Ndipo kazi ikaanza, na ilianza kwa masharti ya bibi mwenyewe. Mama mdogo anakaa mlangoni. Simu zote ziko kwenye kabati. Kanga ya juu haiondoki, inasogezwa tu. Bibi alikata kucha zake pale pale, akanawa kwa maji moto na sabuni mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Huko ndani mimi siendi. Huko ni kwa daktari na kwako mwenyewe. Mimi nina mgongo, kiuno, mapaja na tumbo. Ukisema basi, naacha. Hata kama nimefika katikati."

Dada alikuwa ameshasikia ahadi nyingi. Dakika ya tano, wakati hakuna hata kinachouma, akasema, "Basi."

Mikono ikaondoka. Palepale, kama imechomwa. Bibi hakuuliza kwa nini, hakuguna, hakusema tulia mwanangu. Akajifuta, akachukua kikombe chake cha chai, akaanza kuzungumzia bei ya machungwa mwaka huu. Ikapita kama robo saa. Dada akasema, "Endelea bibi." Bibi akanawa tena, akaendelea.

Anasema kama kuna siku mwili wake ulianza kupona, ni wakati wa ile chai.

Walikandana mara nane katika wiki tatu, shilingi 5,000 kila mara, mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani. Alifundishwa kupumua kama mtu anayepuliza uji wa moto: ndani kwa pua, nje kwa mdomo taratibu, na kule chini unaachia. Zoezi hilohilo alikuwa amepewa hospitali kwa maneno ya hospitali. Yakaingia vizuri zaidi kwa maneno ya uji.

Kitu kimoja bibi hakukijua, na vijana wengi hawakijui pia: mafuta ya nazi ni mazuri kwenye ngozi, lakini mafuta yoyote yanaharibu kondomu ya mpira, inapasuka. Wanaotumia kondomu wachukue kilainishi cha maji. Dada alipomweleza, bibi alicheka. "Nimezeeka sijalisikia hilo." Tangu siku hiyo anawaambia wateja wake.

Mume alikuja wiki ya pili, Jumamosi. Alikuwa amekasirika, maana aliambiwa siku tano zikawa wiki mbili. Bibi akamwita. Jamaa akakaa mkekani, anachezea funguo, hataki kumtazama mtu.

"Baba, umewahi kumuuliza inauma wapi?"

Kimya kirefu.

"Nilidhani hanitaki," akasema.

Hayo maneno mawili yalikuwa yamelala katikati ya kitanda kile cha Tabata karibu nusu mwaka. Bibi hakumhubiria. Alimwonyesha jinsi ya kukanda miguu na mgongo wa mke wake, nguo zikiwa mwilini, na akamwekea sharti: baada ya kukanda hakuna kinachofuata. Siku 40. "Nyingine?" akauliza mume. "Si tulishamaliza arobaini?" Bibi akamwambia hii ni arobaini yako wewe. Jamaa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Hayakuisha hapo. Walirudi Dar, na kuna wiki zilizokuwa ngumu. Mazoezi yanachosha, na mtoto naye alianza kuota meno. Alipata fiziotherapia mwanamke, anakwenda kila baada ya wiki mbili, na swali lake la kwanza kwa huyo lilikuwa: nikisema basi? Alipojibiwa "tunaacha," alimtazama usoni kwa muda kabla ya kuvua viatu.

Mwezi wa tatu walijaribu. Wakafika mahali akasema basi. Mume akaacha. Wakabaki wanatazamana gizani, hakuna aliyegeukia ukuta. Baadaye jamaa akasema ana njaa, wakaenda jikoni saa saba za usiku wakala mihogo ya mchana, ya baridi, na pilipili.

Wiki iliyopita yule shoga yake wa spa alimtumia ujumbe. Maneno mengi ya kuzunguka, habari za mtoto, habari za biashara, kisha chini kabisa: hivi yule bibi wenu ana namba? Dada alipiga kwanza Mnyuzi kuomba ruhusa. Bibi alikubali. Akasema aje siku ya kawaida si Jumapili, aje ameshakula, na kama kuna karatasi zozote za hospitali azibebe, hata za zamani.

"Na mwambie," akaongeza, "siku ya kwanza tutaongea tu. Asije akadhani nimemfukuza."